Hesabu hasara kwanza, ndipo upige: Somo la viwanja vya gofu kwa mwenye mtaji mdogo

JIONI ya Julai 18, 1999, Mfaransa Jean Van de Velde alifika kwenye shimo la 18, ambalo ni la mwisho, katika uwanja wa gofu wa Carnoustie huko Scotland, akiwa mbele ya wapinzani wake kwa mikwaju mitatu. Ilikuwa siku ya nne na ya mwisho ya mashindano ya The Open, ambayo ni miongoni mwa mashindano manne makubwa kuliko yote duniani katika mchezo huo.

Katika gofu, anayepiga mikwaju michache ndiye mshindi. Shimo hilo la yadi 487 limewekewa kipimo cha mikwaju 4, hivyo Van de Velde angeweza kulimaliza kwa mikwaju 6, yaani miwili zaidi ya kipimo, na bado akaondoka na kombe. Kwa lugha ya sokoni, alikuwa na akiba ya kutosha kupata hasara mara mbili na bado akafunga hesabu kwa faida.

Hata hivyo, alichukua draiva, ile fimbo ndefu ya kupeleka mpira mbali. Mpira ulikwenda kombo upande wa kulia, lakini kwa bahati ukakwepa kijito cha Barry Burn kinachozunguka eneo hilo. Hapo hali ilikuwa bado haijaharibika. Angeweza kuusogeza mpira kwa fimbo fupi hadi kwenye nyasi fupi, kisha akaupeleka taratibu kwenye griini, lile eneo la nyasi laini lenye shimo. Badala yake aliamua kuifuata griini moja kwa moja kwa fimbo ya chuma namba 2.

Mpira uligonga jukwaa la watazamaji, ukagonga ukuta wa mawe wa kijito, ukarudi nyuma na kuzama kwenye nyasi ndefu. Mkwaju wa tatu uliishia majini. Mfaransa huyo alivua viatu na soksi, akaingia kijitoni akifikiria kuupiga mpira humo humo, kisha akabadili mawazo na kukubali adhabu ya mkwaju mmoja. Mkwaju wa tano ukatua kwenye bunka, yaani shimo la mchanga. Alipomaliza, hesabu ilisoma mikwaju 7.

Ikabidi yachezwe mashimo manne ya nyongeza kati yake, Mmarekani Justin Leonard na Mskoti Paul Lawrie. Kombe lilikwenda kwa Lawrie, ambaye alikuwa ameianza siku hiyo akiwa nyuma ya kinara kwa mikwaju 10.

Mpaka leo wapo wanaokisimulia kisa hicho kama kichekesho. Lakini kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo, ni kisa cha kukaa nacho na kukipigia hesabu. Van de Velde hakukosa ufundi, kwani asiye na ufundi hawezi kufika shimo la mwisho la Carnoustie akiwa mbele kwa mikwaju mitatu. Alichokosa ni kubadili mpango pale hali ya hesabu ilipobadilika. Alicheza shimo la 18 kama mtu anayekitafuta kikombe, wakati kikombe kilikuwa tayari mkononi na kazi iliyobaki ilikuwa ni kutokiangusha.

Wastani mmoja, hatari mbili

Wajuzi wa gofu husema mchezaji hushindana na uwanja kabla ya kushindana na mwenzake. Kila shimo lina maji yake, mchanga wake na miti yake, na kila mkwaju ni uamuzi wa kununua kitu kwa bei fulani. Mpira ukienda mbali zaidi, mkwaju unaofuata unakuwa mwepesi. Lakini kwa kawaida, kadiri unavyotaka uende mbali, ndivyo uwezekano wa kupotea unavyoongezeka.

Chukua mfano wa shimo lenye kipimo cha mikwaju 5, na mbele ya griini kuna bwawa. Mchezaji amekwisha kupiga mkwaju wa kwanza. Ana njia mbili. Ya kwanza ni kuruka bwawa kwa mkwaju mmoja: akifaulu anamaliza kwa 4, akizamisha mpira anamaliza kwa 6, na tuseme anafaulu nusu ya mara anazojaribu. Ya pili ni kusogeza mpira hadi kabla ya bwawa, kisha kuvuka kwa mkwaju mfupi, na hapo karibu kila mara atamaliza kwa 5.

Kwa wastani njia zote mbili zinatoa mikwaju 5. Mtu anayeangalia wastani peke yake atasema hakuna tofauti. Lakini tofauti ipo, tena kubwa. Mchezaji aliye mbele kwa mkwaju mmoja na amebakiwa na shimo hilo tu, huku mpinzani wake akiwa amekwisha kumaliza, anahitaji 5 ili ashinde. Njia ya pili inampa 5, wakati ya kwanza inamwingiza kwenye kamari asiyoihitaji. Aliye nyuma kwa mkwaju mmoja hali yake ni kinyume. Mikwaju 5 haimsaidii kitu, inambidi apate 4 angalau afungane na mwenzake, hivyo kuruka bwawa ndiyo njia pekee aliyo nayo.

Hivyo basi, swali la "mkwaju upi ni bora?" halina jibu mpaka kwanza lijibiwe swali la "umesimama wapi?". Hapo ndipo wengi wanapokosea, uwanjani na sokoni.

Johnson na mashimo 16

Aprili 2007, katika mashindano ya Masters kwenye uwanja wa Augusta, Marekani, kulikuwa na baridi na upepo mkali. Zach Johnson hakuwa miongoni mwa wachezaji wenye nguvu ya kupeleka mpira mbali. Augusta ina mashimo manne yenye kipimo cha mikwaju 5, ambayo wenye nguvu huyafanya shamba lao la mavuno kwa kufika kwenye griini kwa mikwaju miwili.

Johnson aliamua mapema kwamba hatajaribu. Kwa siku nne aliyacheza mashimo hayo mara 16, na mara zote 16 alisogeza mpira hadi kwenye umbali alioupenda, kisha akatumia fimbo fupi ambayo aliimudu kuliko zote. Matokeo yake ni kwamba mara 11 alimaliza kwa mkwaju mmoja chini ya kipimo, na mara 5 alimaliza kwa kipimo chenyewe. Hakuna hata shimo moja kati ya hayo lililomtia hasarani.

Alimaliza mashindano kwa mikwaju 289, mmoja zaidi ya kipimo cha uwanja. Maana yake ni kwamba katika mashimo mengine yote alipoteza mikwaju 12, na mashimo hayo manne ndiyo yaliyomrudishia 11. Aliwashinda kwa mikwaju miwili wachezaji watatu waliomfuata, akiwamo Tiger Woods, bingwa mwenye nguvu nyingi kuliko yeye.

Johnson hakuogopa wala hakubweteka. Alijua bidhaa yake ni ipi, akakataa kushindana katika bidhaa ya mwenzake. Mwenye duka la mtaani hawezi kumshinda muagizaji wa makontena kwa bei ya jumla. Anaweza kumshinda kwa kumjua mteja, kwa kufungua mapema na kwa kupima nusu kilo.

Woods aacha fimbo kubwa

Hata mwenye nguvu hulazimika kubadili mpango. Juni 2006 Woods, akiwa amempoteza baba yake mwezi Mei, alienguliwa baada ya siku mbili katika mashindano ya U.S. Open kwenye uwanja wa Winged Foot. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuenguliwa katika mashindano makubwa tangu awe mchezaji wa kulipwa.

Mwezi mmoja baadaye alikwenda Hoylake, Uingereza, kwa ajili ya The Open. Kiangazi kilikuwa kimeukausha uwanja, nyasi zimekuwa rangi ya majani makavu na ardhi ngumu kama barabara. Mpira ukianguka ulibingirika mbali sana, na kando ya njia kulikuwa na mabunka yenye kingo za wima ambayo ukiingia huna njia ila kutoka kwa hasara.

Woods alipiga hesabu kwamba ardhi ingemfanyia nusu ya kazi. Aliiacha draiva kwenye mfuko na kuanza mashimo kwa fimbo za chuma, mpira ukitua na kusimama kabla ya kuyafikia mabunka. Gharama yake ilikuwa kwamba mkwaju wa pili ulimkuta mbali na griini kuliko wenzake. Alikubali kuilipa gharama hiyo kwa sababu aliiamini mikono yake katika mikwaju mirefu ya chuma. Katika mashimo 72 ya siku nne, alitumia draiva mara moja tu. Alimaliza kwa mikwaju 270, 18 chini ya kipimo, akimwacha Chris DiMarco kwa mikwaju miwili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba Woods hakugeuka kuwa mchezaji wa draiva moja kwa wiki maisha yake yote. Mpango ule ulikuwa wa Hoylake, wa ardhi kavu ya Julai ile. Mvua ingenyesha, mpango ungekufa.

Nguvu nayo ina siku yake

Msomaji asije akadhani somo ni kuogopa kila wakati. Septemba 2020 U.S. Open ilirudi Winged Foot, na Bryson DeChambeau alifika akiwa ameongeza uzito na nguvu za mwili. Njia za uwanja huo zilikuwa finyu na nyasi za pembeni ndefu, na kwa desturi ushauri katika uwanja wa namna hiyo ni kupiga kwa tahadhari ili mpira ubaki njiani.

DeChambeau aliona hesabu tofauti. Ikiwa njia ni finyu kiasi kwamba hata mwenye tahadhari ataikosa mara nyingi, basi tahadhari inanunua kitu kidogo kwa bei kubwa. Ni afadhali kuwa kwenye nyasi ndefu karibu na griini kuliko kuwa kwenye nyasi ndefu mbali nayo. Katika mikwaju 56 ya kuanzia mashimo, aliipata njia mara 23 tu. Lakini alishinda kwa tofauti ya mikwaju 6, na ni yeye pekee aliyemaliza chini ya kipimo.

Uwanja huo huo ulikuwa umemwadhibu Phil Mickelson mwaka 2006. Naye alichukua draiva kwenye shimo la mwisho, akiwa mbele kwa mkwaju mmoja. Mpira ulipotea kushoto, uliofuata ukagonga mti, akamaliza kwa mikwaju miwili zaidi ya kipimo na ushindi ukaenda kwa Geoff Ogilvy wa Australia kwa tofauti ya mkwaju mmoja. Fimbo ni ileile na uwanja ni uleule. Mmoja aliitumia kwa mpango alioupigia hesabu kabla ya mashindano kuanza, na hata akikosa njia alijua atapigia wapi. Mwingine aliitumia siku ambayo ilikuwa imekwisha kumkataa mara nyingi, mahali ambapo mkwaju mmoja ndiyo akiba yote aliyokuwa nayo.

Profesa wa fedha aingia uwanjani

Si ajabu kwamba mtu aliyeyapanga mambo haya kwa takwimu alitokea upande wa fedha. Mark Broadie ni profesa wa Chuo cha Biashara cha Columbia, New York, na fani yake ni kukadiria thamani na hatari katika masoko ya mitaji. Alichukua kumbukumbu za mamilioni ya mikwaju ya wachezaji wa kulipwa na kuipima mmoja mmoja.

Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Kwa kila mahali mpira ulipo, hujulikana wachezaji wa kulipwa huhitaji wastani wa mikwaju mingapi kumaliza. Kwenye griini, umbali wa futi 8 kutoka shimoni, hufaulu kwa mkwaju mmoja karibu nusu ya mara, hivyo wastani ni mikwaju kama 1.5. Anayetumbukiza kwa mkwaju mmoja amejipatia faida ya nusu mkwaju, na anayetumia miwili amepata hasara ya nusu mkwaju. Chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani, PGA Tour, kilianza kutumia kipimo hicho kwa mikwaju ya kwenye griini mwaka 2011.

Kitabu cha Broadie kilichotoka mwaka 2014 kilivunja imani ya siku nyingi. Wachezaji walikuwa wakiambizana kwamba pesa hupatikana kwenye griini. Takwimu zilionyesha kuwa kati ya faida ambayo wachezaji bora wanawazidi wenzao, asilimia 40 hivi inatokana na mikwaju ya kuiendea griini, 28 inatokana na mikwaju ya kuanzia, 17 inatokana na mikwaju mifupi ya kuzunguka griini, na 15 tu ndiyo ya kwenye griini yenyewe.

Hapa mfanyabiashara na ajiulize: faida ya dukani kwake inatoka wapi hasa? Wengi hujibu kwa kutaja bidhaa inayotoka haraka. Daftari likifunguliwa, mara nyingi hugundulika kwamba bidhaa hiyo inaleta wateja lakini haileti chochote, na kinacholipa kodi ya fremu ni kitu kilichokaa rafu ya nyuma. Mpango usiotokana na daftari ni wa kubahatisha, hata kama mwenyewe anauita uzoefu.

Uwanja wa nyumbani

Anayecheza gofu Afrika Mashariki anajua kwamba uwanja hubadilika na mahali. Nairobi, ambako hufanyika mashindano ya Kenya Open yaliyoanza mwaka 1967, iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi na mpira husafiri mbali kuliko Dar es Salaam au Mombasa. Mchezaji wa pwani asiyebadili fimbo akifika huko ataishangaa mipira yake ikiipita griini, na atalaumu mikono wakati kosa ni la hesabu.

Masoko nayo ni hivyo hivyo. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa Aprili 1998, na lina wanunuzi wachache likilinganishwa na masoko ya New York au London. Mwekezaji mdogo anayesoma vitabu vya huko hufundishwa kuuza mara bei inaposhuka kwa kiwango fulani. Ushauri huo unafaa mahali ambapo mnunuzi yupo kila dakika. Palipo na wanunuzi wachache, anaweza kutaka kuuza leo na akasubiri siku kadhaa. Hivyo anapaswa kujikinga kabla ya kununua, kwa kuweka humo kiasi ambacho hatakihitaji ghafla.

Pale gofu na biashara vinapoachana

Upo mpaka ambao mfano wa gofu hauvuki, na ni muhimu kuliko yote yaliyotangulia. Mchezaji aliye nyuma ana haki ya kuruka bwawa. Akizamisha mpira, wiki ijayo ataanza mashindano mengine akiwa sawa na wote, hesabu ikiwa sifuri. Mfanyabiashara aliye nyuma hana wiki ya namna hiyo. Mwezi ujao ataanza na kile kilichobaki.

Chukua mtu mwenye mtaji wa sh. milioni 5. Duka la unga na sukari linampa faida ya sh. laki 5 kwa mwezi bila misukosuko mikubwa. Rafiki yake anamshauri apakie lori la vitunguu: soko likikubali anapata milioni 2, likikataa au mzigo ukioza anapoteza milioni 1. Ikiwa nusu ya safari zinakubali, wastani ni laki 5 zile zile. Lakini kila mwezi ana kodi, ada na marejesho ya mkopo ya jumla ya laki 4.

Safari mbili mfululizo zikikataa, jambo linaloweza kutokea mara moja katika kila nne, atakuwa amepoteza milioni 2 na kulipa laki 8. Anabaki na milioni 2.2. Ili arudi alikoanza, sasa inambidi mtaji uliobaki uzae zaidi ya mara mbili, na pengine fedha za kujaza lori la tatu hana. Wastani haukumdanganya. Ni kwamba hakuwa na akiba ya kuusubiri.

Ndiyo maana tabia ya kuongeza dau ili kufidia hasara huua mitaji mingi midogo. Inafanana na ujasiri wa mchezaji aliye nyuma, lakini haina kinga aliyo nayo mchezaji huyo. Aliyepoteza anahitaji kupunguza ukubwa wa dau, si kuuongeza, mpaka daftari lionyeshe kwamba akiba imerudi.

Kabla ya kutoa fedha, hivyo basi, mwenye mtaji mdogo na aandike mambo matatu kwenye karatasi: anahitaji kiasi gani mwezi huu, atapoteza kiasi gani mambo yakienda mrama, na atabakiwa na nini cha kuanzia mwezi unaofuata. Biashara ikikubali majibu yote matatu, na apige kwa nguvu zake zote. Ikikataa hata moja, njia ya kusogeza mpira kabla ya bwawa bado ipo, na kuifuata si aibu. Zach Johnson aliifuata mara 16 na akarudi nyumbani na ubingwa.